Kutoka Ubongo wa Maiti hadi Ubongo wa Mtu Aliye Hai: Historia ya Upigaji Picha wa Mifumo ya Dopamini, 1957–2022

Utangulizi

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mwanasayansi aliyetaka kujua kemikali zilizomo ndani ya ubongo wa binadamu alilazimika kusubiri binadamu huyo afe. Fuvu lilifunguliwa baada ya mauti, ubongo ukakatwa vipande, vipande vikasagwa, na kilichopatikana kikapimwa. Njia hiyo ilizaa maarifa mengi, lakini ilikuwa na kasoro ambayo umahiri wa maabara haukuweza kuiondoa: maiti haielezi kipi kilitangulia. Mtu aliyefariki akiwa na skizofrenia kwa kawaida alikuwa pia ametumia dawa kwa miaka mingi. Tofauti iliyoonekana katika ubongo wake ingeweza kutokana na ugonjwa, na dawa, na uzee, au hata na saa zilizopita kati ya kifo na uchunguzi.

Insha hii inafuatilia jinsi swali hilo lilivyohamishwa kutoka kwenye meza ya maiti hadi kwa mtu aliye hai, kwa kutumia mfano wa dopamini, ambayo ndiyo nyurotransmita ya kwanza kuonekana kwa njia ya picha katika ubongo wa binadamu. Hoja inayotetewa ni kwamba mbinu hiyo haikutimiza ahadi yake ya awali, yaani kuonyesha kiini cha skizofrenia katika picha moja. Badala yake ilijibu swali jingine, lililoonekana dogo na lisilo na fahari ya kinadharia: mgonjwa apewe dawa kiasi gani? Kwa maelfu ya wagonjwa waliokuwa wakikakamaa misuli na kutetemeka kwa sababu ya dawa walizoandikiwa, swali hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito.

Istilahi moja inahitaji ufafanuzi mapema. Mbinu hizi huelezwa kuwa zinafanyika bila kupasua, na ni kweli kwamba hakuna kisu kinachogusa fuvu. Hata hivyo, mhusika huchomwa sindano ya kemikali yenye mionzi, na katika tafiti nyingi za mwanzo aliwekewa pia mrija kwenye mshipa wa ateri ili damu yake ichukuliwe mara kwa mara. Maneno "bila kupasua" yanasema kweli kuhusu fuvu tu, na kwa maana hiyo finyu ndivyo yanavyotumika hapa.

Kemia kabla ya picha

Mwaka 1957, Arvid Carlsson na wenzake huko Lund, Sweden, waliwapa sungura reserpini, dawa iliyotokana na mimea ya jenasi ya Rauvolfia. Sungura hao walilala bila kusogea. Walipodungwa L-dopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka na kuanza kutembea tena. Ndani ya muda mfupi Carlsson alionyesha kwamba dopamini ipo ndani ya ubongo kwa haki yake yenyewe, si kama hatua ya kupita katika utengenezaji wa noradrenalini, kama ilivyodhaniwa. (Inafaa kutaja kwamba msesewe, mti ambao magome yake hutumiwa na Wachagga kuipa mbege uchungu wake, ni wa jenasi hiyohiyo ya Rauvolfia. Historia ya dopamini haikuanzia mbali na Kilimanjaro kama vitabu vya Ulaya vinavyoweza kumfanya msomaji aamini.)

Huko Vienna, mwaka 1960, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walichunguza bongo za watu waliofariki kwa ugonjwa wa Parkinson, wakakuta kwamba dopamini katika striatamu ilikuwa imepungua mno. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na Walther Birkmayer waliripoti matokeo ya kuwadunga wagonjwa L-dopa. Hapa njia ya maiti ilifaulu kwa sababu upungufu ulikuwa mkubwa sana, na kwa sababu ulielekeza moja kwa moja kwenye tiba.

Kwa skizofrenia mambo hayakuwa mepesi hivyo. Klopromazini ilikuwa imeanza kutumika Paris mwaka 1952 bila mtu yeyote kujua inavyofanya kazi. Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist walipendekeza kwamba klopromazini na haloperidoli huziba vipokezi, na seli za neva hujibu kwa kuzalisha kemikali zaidi. Miaka kumi na miwili baadaye, Philip Seeman huko Toronto na Solomon Snyder huko Baltimore, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba kadiri dawa inavyokishika kipokezi cha dopamini kwa nguvu, ndivyo dozi inayohitajika kwa mgonjwa inavyokuwa ndogo. Uhusiano huo ulihusu kipokezi kilichokuja kuitwa D2. Kutokana nao ilizaliwa nadharia iliyovutia kwa urahisi wake: ikiwa kuziba vipokezi vya dopamini kunatuliza saikosisi, basi huenda saikosisi yenyewe ni dopamini kupita kiasi, au vipokezi kupita kiasi.

Mwaka 1978 kundi la Timothy Crow nchini Uingereza liliripoti kwamba bongo za marehemu waliokuwa na skizofrenia zilikuwa na vipokezi vingi kuliko kawaida. Pingamizi lilikuja haraka. Ilijulikana kutokana na wanyama kwamba dawa zinazoziba vipokezi huufanya ubongo uongeze vipokezi vipya, na karibu marehemu wote walikuwa wametumia dawa hizo. Mjadala ulikwama hapo. Hakuna kiasi cha ziada cha maiti ambacho kingeukwamua, kwa sababu mgonjwa aliyefariki bila kuonja dawa alikuwa nadra sana kupatikana. Aliyehitajika ni mgonjwa aliye hai, aliyefika hospitali kwa mara ya kwanza, kabla ya kupewa kidonge chake cha kwanza.

Positroni, saiklotroni na dakika ishirini

Positroni, chembe yenye uzito wa elektroni lakini yenye chaji chanya, iligunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932. Baadhi ya isotopu zenye mionzi hutoa chembe hiyo zinapooza. Ikitoka, husafiri umbali wa milimita chache tu ndani ya mwili kabla ya kukutana na elektroni, na zote mbili huangamia. Mahali pa maangamizi hayo hutoka miale miwili ya gama, kila mmoja ukiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511, ikielekea pande mbili zinazopingana. Vihisio vikipangwa kwa duara kuzunguka kichwa na kunasa miale miwili kwa wakati mmoja, hujulikana kwamba chanzo chake kilikuwa mahali fulani kwenye mstari unaoviunganisha vihisio hivyo viwili. Mistari mamilioni ikikusanywa, kompyuta hujenga picha. Mashine iliyotekeleza wazo hili kwa mafanikio iliundwa Washington University, St. Louis, katika miaka ya 1974 na 1975 na Michael Phelps, Edward Hoffman na Michel Ter-Pogossian. Ndiyo asili ya PET, yaani tomografia ya utoaji wa positroni.

Mashine, hata hivyo, huona tu kile ilichopewa. Ugumu mkubwa ulikuwa wa kikemia: kupata molekuli inayoingia katika ubongo, inayokishika kipokezi kinachotakiwa na kuviacha vingine, kisha kuitia alama ya isotopu kabla isotopu haijaisha. Kaboni-11 ilikuwa na mvuto wa pekee, kwa kuwa kila molekuli ya kibayolojia ina kaboni, na kubadilisha atomu moja ya kaboni kwa nyingine hakuigeuzi dawa kuwa kitu kingine. Lakini nusumaisha yake ni dakika 20 hivi. Mkemia alipaswa kuipokea kutoka kwenye saiklotroni, kuiunganisha na molekuli, kuisafisha, kuhakikisha ni salama, na kuikabidhi kwa daktari, yote haya ndani ya muda usiofika saa moja. Florini-18, yenye nusumaisha ya dakika 110, ilivumilia kidogo zaidi. Glukosi iliyotiwa florini-18, ambayo ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1976, ilikuwa imetengenezwa Brookhaven, jimbo la New York, ikasafirishwa kwa ndege. Picha za glukosi zilionyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi. Hazikuonyesha ni nyurotransmita ipi inayohusika, na hiyo ndiyo hatua iliyobaki.

Mwaka 1983

Hatua hiyo ilipigwa karibu kwa wakati mmoja katika miji miwili. Huko Hamilton, Kanada, Stephen Garnett, Günter Firnau na Claude Nahmias wa McMaster University walitumia L-dopa iliyotiwa florini-18. Seli za dopamini ziliichukua kama zinavyochukua L-dopa ya kawaida, na striatamu ikajitokeza kwenye picha. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mnamo Septemba 1983. Walichokiona ni upande wa utengenezaji, yaani mahali ambapo dopamini huandaliwa na kuhifadhiwa.

Huko Baltimore, katika Johns Hopkins, Henry Wagner na wenzake waliuelekea upande wa pili wa sinapsi, ule wa mapokezi. Walitumia methilispiperoni, molekuli ya ukoo wa dawa za saikosisi, iliyotiwa kaboni-11. Mnamo Mei 1983 mtu wa kwanza kulala ndani ya mashine kwa uchunguzi huo alikuwa Wagner mwenyewe. Kodeti na putameni zilizidi kung'aa kadiri dakika zilivyopita, huku serebelamu, ambayo ina vipokezi vichache vya aina hiyo, ikififia. Matokeo yalichapishwa katika Science mwezi uleule wa Septemba. Mwaka uliofuata kundi hilohilo, likiongozwa na Dean Wong, lilionyesha kwamba vipokezi vya dopamini hupungua umri unavyosonga. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lilimaanisha kwamba ulinganisho wowote wa baadaye kati ya wagonjwa na watu wenye afya usingekuwa na thamani bila kulinganisha umri kwanza.

Wanahistoria wa sayansi hupenda kuuliza nani alitangulia. Katika kisa hiki swali hilo halina tija, kwa sababu makundi hayo mawili yalikuwa yakipima vitu viwili tofauti. Tofauti hiyo, kati ya kiasi cha dopamini kinachotengenezwa na idadi ya vipokezi vinavyoipokea, ilipuuzwa kwa muongo mzima uliofuata, na gharama ya kupuuzwa kwake ilionekana baadaye.

Baltimore na Stockholm

Sasa swali la vipokezi vya wagonjwa wasiowahi kupewa dawa liliweza kuulizwa. Liliulizwa na maabara mbili, zikatoa majibu yasiyopatana.

Mwaka 1986 Wong na wenzake walichapisha katika Science matokeo yaliyoonyesha kwamba vipokezi vya D2 katika kodeti vilikuwa vingi zaidi kwa wagonjwa wa skizofrenia, waliotumia dawa na wasiozitumia kabisa. Hitimisho lao lilikuwa wazi: ongezeko linatokana na ugonjwa wenyewe. Ilionekana kana kwamba nadharia ya dopamini imepata ushahidi iliokuwa ikiukosa tangu 1978.

Katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, Lars Farde, Göran Sedvall na wenzao walikuwa wakitumia rakloprida, dawa iliyoundwa na kampuni ya Astra ya Sweden, nayo ikiwa imetiwa kaboni-11. Walipima wagonjwa vijana waliokuwa hawajatumia dawa, na mwaka 1987 wakatangaza kwamba hawakuona ongezeko lolote. Ripoti yao pana zaidi ya mwaka 1990, iliyolinganisha wagonjwa 18 na watu 20 wenye afya, ilishikilia msimamo uleule.

Ni rahisi kuuona mgogoro huu kama upande mmoja kukosea hesabu. Ukweli ni mgumu kuliko hivyo, na ndipo palipo na funzo kubwa zaidi kuhusu maana ya kupiga picha ya kemia. Methilispiperoni hukishika kipokezi kwa nguvu kiasi kwamba, ndani ya muda wa uchunguzi, karibu haikiachii. Kundi la Baltimore lililazimika kumpima kila mtu mara mbili, mara ya pili baada ya kumpa haloperidoli ya kuziba vipokezi, kisha kukokotoa idadi kutokana na kasi ya kemikali kunaswa. Rakloprida hushika kwa wepesi na kuachia, hivyo ndani ya saa moja hufikia mizani, na Stockholm waliweza kukadiria idadi kwa kurudia sindano zenye viwango tofauti vya kemikali hiyo. Methilispiperoni hushika pia vipokezi vya serotonini. Rakloprida hushika D2 pamoja na D3. Zaidi ya yote, kwa kuwa rakloprida hushika kwa wepesi, inashindana na dopamini ya mwili yenyewe.

Jambo hili la mwisho laweza kuelezwa kwa mfano wa viti. Vipokezi ni viti vya ukumbini, na dopamini ni watu waliokwisha kukaa. Mgeni mpole, ambaye ni rakloprida, hukaa pale tu panapopatikana nafasi. Hivyo anayehesabu wageni wapole hapati idadi ya viti vyote, bali ya vilivyokuwa wazi. Iwapo ukumbi wa wagonjwa una viti vingi zaidi na pia watu wengi zaidi waliokaa, mgeni mpole atakuta nafasi zilezile atakazozikuta katika ukumbi wa watu wenye afya. Picha mbili zinafanana ilhali kumbi zinatofautiana. Hoja ya namna hii ilitolewa katika mjadala huo na Seeman, miongoni mwa wengine.

Warsha iliitishwa, na ripoti yake ikachapishwa katika Schizophrenia Bulletin mwaka 1988. Iliorodhesha tofauti za mbinu, za uteuzi wa wagonjwa na za ukokotoaji, bila kumpa ushindi yeyote. Muda ulifanya kile ambacho warsha haikuweza: tafiti nyingine zilipojumlishwa katika miaka ya 1990, ongezeko la vipokezi, kama lilikuwapo, lilionekana kuwa dogo na lisilo la kila mgonjwa. Kwa vyovyote vile halikufikia ukubwa uliotangazwa mwaka 1986. Ahadi ya picha ambayo daktari angeitazama na kusema "huu hapa ugonjwa" haikutimia.

Suala la dozi

Wakati mjadala huo ukivuta macho ya watu wengi, Farde alikuwa akifanya kazi nyingine yenye sifa ndogo zaidi. Ikiwa rakloprida hukaa pale tu palipo wazi, basi kwa mgonjwa anayetumia dawa ya saikosisi ingewezekana kupima ni sehemu gani ya vipokezi imekwisha kuzibwa na dawa hiyo. Hapa mzozo wa Baltimore haukuhusika kabisa: hakuhitaji kujua mgonjwa ana vipokezi vingapi, bali asilimia ngapi imekaliwa.

Mwaka 1988 Farde na wenzake waliripoti kuhusu wagonjwa 22 waliokuwa wakitumia dozi za kawaida za dawa 11 zenye miundo tofauti ya kikemia. Kiwango cha ukaliaji wa vipokezi vya D2 kilikuwa kati ya asilimia 65 na 85. Dawa zilizotofautiana mno kwa idadi ya miligramu zilikutana katika ukanda mmoja mwembamba. Madaktari, kwa kujaribu na kukosea katika vizazi viwili, walikuwa wamefika mahali pamoja bila kujua.

Ripoti ya mwaka 1992 ilienda mbali zaidi. Kwa dawa za zamani ukaliaji ulikuwa kati ya asilimia 70 na 89, na waliopata madhara ya misuli, yaani kukakamaa, kutetemeka au kushindwa kutulia, ndio waliokuwa na viwango vya juu. Wagonjwa wa klozapini walikuwa tofauti kabisa: ukaliaji wao ulikuwa kati ya asilimia 38 na 63. Klozapini ilikuwa imewekwa kando katika nchi nyingi tangu 1975, baada ya vifo nchini Finland vilivyotokana na kuporomoka kwa chembe nyeupe za damu, kisha ikarejeshwa baada ya utafiti wa John Kane na wenzake (1988) kuonyesha kwamba huwasaidia wagonjwa walioshindwa na dawa nyingine. Madaktari walijua kwamba haikakamazi misuli, na sasa walianza kuelewa kwa nini.

Umuhimu wa matokeo hayo hauwezi kueleweka bila kukumbuka desturi ya tiba ya wakati huo. Katika miaka ya 1970 na 1980 haikuwa ajabu mgonjwa aliyechachamaa kupewa makumi ya miligramu za haloperidoli kwa siku, kwa imani kwamba dozi kubwa hutuliza haraka. Asiyepata nafuu aliongezewa. Aliyeanza kukakamaa aliongezewa dawa ya pili ya kupunguza madhara ya dawa ya kwanza. Baadhi waliishia na mizunguko ya ulimi na midomo isiyozuilika, ambayo huweza kudumu hata dawa ikiachwa. Familia nyingi zilisadiki kwamba hizo ni dalili za ugonjwa kuzidi.

Shitij Kapur na wenzake, Toronto, waliipima haloperidoli kwa dozi ambazo wengi wangeziona kuwa za kumdhihaki mgonjwa. Mwaka 1996 waliripoti kwamba miligramu 2 kwa siku zilitosha kukalia kati ya asilimia 53 na 74 ya vipokezi. Mwaka 2000 walichapisha utafiti wa wagonjwa 22 wa mara ya kwanza waliopangiwa, bila wao wala madaktari kujua, miligramu 1 au 2.5. Nafuu ilijitokeza zaidi ukaliaji ulipovuka asilimia 65. Homoni ya prolaktini ilipanda ukaliaji ulipovuka asilimia 72, na madhara ya misuli yalianza baada ya asilimia 78. Kati ya nafuu na madhara palikuwa na ufa wa asilimia 13 tu. Anayemeza miligramu 20 alikuwa ameupita ufa huo zamani, na kila kidonge cha ziada hakikumletea chochote isipokuwa mateso, kwa kuwa hapakuwa tena na vipokezi vya maana vya kuziba.

Hesabu hii haikutegemea mgonjwa wa Toronto au wa Stockholm kuwa na mashine karibu naye. Mara uhusiano wa dozi na ukaliaji ulipojulikana, uliweza kuandikwa katika mwongozo na kutumika katika wodi yoyote yenye haloperidoli kabatini. Ni vigumu kutaja matokeo mengine ya upigaji picha wa ubongo yaliyomfikia mgonjwa kwa njia fupi namna hii.

Dopamini inayobadilika

Ushindani kati ya rakloprida na dopamini, uliokuwa kero kwa waliotaka kuhesabu vipokezi, uligeuzwa kuwa chombo cha utafiti. Ikiwa dopamini ikiongezeka mgeni mpole huondoka kitini, basi kupungua kwake ni kipimo cha dopamini iliyomwagwa. Mwaka 1996 Marc Laruelle na wenzake waliwapa wagonjwa wa skizofrenia na watu wenye afya amfetamini, kemikali inayotoa dopamini kwenye seli, wakapima kwa SPECT, mbinu iliyo ndugu ya PET. Wagonjwa walimwaga dopamini zaidi, na walioimwaga zaidi ndio ambao dalili zao zilichochewa. Mwaka 2000 Anissa Abi-Dargham alitumia njia ya kinyume: aliipunguza dopamini, akaangalia ni vipokezi vingapi vilifunguka. Kwa wagonjwa ilikuwa asilimia 19, kwa watu wenye afya 9. Ukumbi wa wagonjwa, kumbe, ulikuwa na watu wengi zaidi waliokaa. Wakati huohuo tafiti za fluorodopa, kemikali ileile ya Garnett, zilionyesha kwamba utengenezaji wa dopamini umeongezeka kwa wagonjwa wengi, na uchambuzi wa pamoja wa Oliver Howes na wenzake (2012) uliithibitisha picha hiyo. Kasoro ilikuwa upande wa Hamilton wa sinapsi. Muongo mzima ulikuwa umetumika kuhesabu viti.

Kwa watu wenye afya, Matthias Koepp na wenzake huko London (1998) waliwapima wanaume 8 wakicheza mchezo wa video wa kuendesha kifaru ili kujipatia fedha. Rakloprida ilipungua katika striatamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwamba tendo la kawaida, bila dawa yoyote, humwaga dopamini ya kutosha kuonekana kwenye picha ya binadamu. Magazeti yaliuchukua utafiti huo kama uthibitisho kwamba michezo ya video ni sawa na dawa za kulevya, dai ambalo makala yenyewe haikulitoa.

Kutoka kipokezi hadi mtandao

Kufikia miaka ya 2000 kemikali za kufuatilia zilikuwa zimepatikana kwa serotonini, GABA, afyuni za mwili, asetilikolini na nyinginezo. Kila maabara, hata hivyo, ilichora kipokezi chake. Mwaka 2022 Justine Hansen, Bratislav Misic na wenzao wa Montreal walichapisha katika Nature Neuroscience mkusanyo wa picha za PET za vipokezi na visafirishi 19 vya mifumo 9 ya nyurotransmita, zilizotokana na watu wenye afya zaidi ya 1,200. Maeneo ya gamba la ubongo yaliyounganishwa na mtandao mmoja yalionekana kuwa na mchanganyiko wa vipokezi unaofanana, na mpangilio huo ukahusiana na maeneo yanayonyauka katika magonjwa mbalimbali. Ramani hiyo imewekwa wazi kwa umma. Mtafiti wa Dar es Salaam mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuipakua bila malipo.

Ramani hiyo, lakini, ni ya wastani, na wastani hutegemea waliopimwa. Picha hizo zilikusanywa kutoka vituo ambavyo vingi vipo Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na sababu ya msingi ni ileile ya dakika ishirini. Kaboni-11 haisafirishwi. Anayetaka kuitumia sharti awe na saiklotroni jengo moja au jirani na mashine, mkemia aliye tayari, na mhusika aliyelala akisubiri. Asiyekuwapo na lake halipo, na waliopo katika ramani ni walioishi umbali wa kufikia saiklotroni. Ikiwa umri pekee hubadilisha idadi ya vipokezi vya dopamini, kama Wong alivyoonyesha mwaka 1984, hakuna sababu ya kudhani kwamba lishe, magonjwa ya utotoni au urithi havina athari yoyote.

Katika Afrika Mashariki, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilizindua PET pamoja na saiklotroni mwaka 2018. Vifaa hivyo viliingia kwa ajili ya saratani, na kemikali inayotumika zaidi ni glukosi yenye florini-18, ileile iliyorushwa kwa ndege kwenda Philadelphia. Saiklotroni inayozalisha florini-18 kwa uvimbe wa matiti ni hatua ya lazima kuelekea fluorodopa, ingawa si hatua pekee: kinachobaki ni kemia ya maabara, vibali, na mwanakemia wa dawa zenye mionzi ambaye muda wake haujamalizwa wote na foleni ya wagonjwa wa saratani. Foleni hiyo ina haki ya kutangulia.